Mashine Haili Kiapo: Mkalimani wa Mahakama Mjini Machakos na Tishio la Akili Unde

Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, suala la kazi zipi zitwaliwe na mashine na zipi zisitwaliwe limekuwa gumzo katika kumbi za mihadhara, katika kurasa za magazeti na hata ndani ya matatu ziendazo Machakos kutoka Nairobi. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kulitegea sikio gumzo hili kuliko wenzao wengi. Tafsiri, uhariri, utangazaji na ukalimani, kazi ambazo wengi wao walizitazamia walipoichagua taaluma hii, hazikosekani katika orodha za kazi ambazo yasemekana zitamezwa na akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita.

Orodha za aina hiyo, licha ya kusomwa kwa pupa, zina kasoro moja kubwa. Kigezo chake ni uwezo tu: mashine ikiweza kuifanya kazi, basi na iifanye. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walikwisha kulijibu hoja hilo kwa moto mnamo Mei 2023, walipoziteketeza mashine za kuchumia majani chai. Hapana aliyebisha kwamba mashine zile ziliweza kuchuma. Lililowakereketa watu ni riziki. Hata hivyo, riziki nayo haitoshi kuwa kigezo, kwani kwa hoja hiyo pekee taipureta isingaliondoka ofisini wala tarakilishi isingaliingia. Kuna kazi ambazo hazina budi kubaki mikononi mwa binadamu si kwa sababu mashine haiziwezi, wala si kwa sababu binadamu atakosa mkate, bali kwa sababu lazima awepo mtu wa kujibu pale neno linapokwenda kombo. Mojawapo ni kazi ya mkalimani wa mahakama, na mji wa Machakos ni mahali pazuri pa kuitazamia.

Machakos ni mji uliozaliwa pamoja na ukalimani. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapo mwaka wa 1889, miaka kumi kabla ya makao ya utawala kuhamia Nairobi, na jina lenyewe la mji ni Masaku lililopindwa na ndimi za wageni. Kabla ya hapo, mmishenari Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kufika Ukambani na kuifasiri Injili ya Marko kwa Kikamba, ikachapishwa mwaka wa 1850. Maafisa wa serikali ya kikoloni waliofuata walihukumu, walitoza kodi na kuandika vitabu kuhusu sheria za Wakamba kwa kutegemea masikio na midomo ya wakalimani ambao majina yao hayakuhifadhiwa. D. J. Penwill alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za kimila za Wakamba mwaka wa 1951 kutokana na maelezo aliyoyakusanya katika Wilaya ya Machakos. Yamkini nusu ya sifa za kitabu hicho ni za watu wa aina hiyo wasiotajwa.

Leo mji una Mahakama Kuu na mahakama za mahakimu, na katika kaunti hiyo hiyo ziko mahakama za Kangundo, Kithimani na Mavoko. Sheria ya lugha mahakamani ni bayana. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza; ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Kifungu cha 49 kinadai kwamba anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Haki hizi hazikuchipuka mwaka huo wa 2010. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka utaratibu kwamba mashtaka, pamoja na kila kiungo chake cha msingi, yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, na kwamba jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa maneno yake mwenyewe! Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mzee wa Masinga au wa Yatta asimamapo kizimbani, maneno yake mwenyewe ni ya Kikamba, ilhali yatakayoandikwa na hakimu ni ya Kiingereza. Kati ya kinywa cha mzee na kalamu ya hakimu yupo karani mmoja. Mara nyingi karani huyo hakuajiriwa kama mkalimani. Kazi yake ni kuita majalada, kupanga tarehe, kuhifadhi vielelezo na kuwaapisha mashahidi. Ukalimani huongezewa kwa kuwa anaijua lugha ya wenyeji. Huwa amesimama tangu asubuhi, hana daftari la kuandikia kumbukumbu, wala hana mwenzake wa kumpokea akichoka. Anachokisema kwa Kiingereza ndicho kinachoingia katika jalada. Kikamba chenyewe hupotelea hewani, na jaji wa rufaa hatakisikia abadani.

Uzito wa jambo hili huonekana katika jibu fupi kuliko yote, lile la kukiri kosa. Mshtakiwa anasomewa shtaka la kujeruhi, naye anajibu kwa Kikamba, "Nĩ w'o," yaani ni kweli, kisha anaendelea kueleza kwamba aliyejeruhiwa ndiye aliyemjia kwanza kwa panga. Mkalimani anayefasiri maneno mawili ya mwanzo na kuyaacha mengine amempeleka mtu gerezani. Anayeyafasiri yote amemlazimisha hakimu, kwa mujibu wa Adan, aandike kwamba mshtakiwa amekana, na kesi isikilizwe. Tofauti ya kufungwa na kusikilizwa iko katika neno moja, "lakini", ambalo mtu mwenye haraka hulikata na ambalo mashine iliyoundwa kufupisha huweza kulikata vilevile, bila hata kisingizio cha haraka.

Kuna wanaodhani kwamba tatizo la mashine ni uchache wa msamiati, na kwamba miaka michache ijayo litakuwa limekwisha. Kwa hakika Kikamba kimekwisha kuingia katika mashine. Mnamo 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, na Kikamba kimo. Kwa lugha yenye watu zaidi ya milioni 4.6 kwa hesabu ya sensa ya 2019, hilo ni jambo la kufurahia. Lakini mashine hujifunza kutokana na maandishi, na sehemu kubwa ya maandishi ya Kikamba yaliyopo ni ya dini. Lugha ya Injili si lugha ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na lugha ya ugomvi wa shamba huko Mwala haifanani kila neno na ile ya Kitui au Mumoni.

Lichukuliwe neno moja. Katika Kikamba, mũtumĩa ni mzee wa kiume, mtu wa baraza. Ndio hao waliokaa katika nzama na kukata mashauri. Katika Kikuyu, lugha ya jirani na ya ukoo mmoja, mũtumia ni mwanamke aliyeolewa. Katika Kiswahili, mtumia ni yule atumiaye kitu. Mashine iliyolishwa Kikuyu kingi na Kikamba kidogo inaweza kumgeuza mzee wa ukoo aliyeshuhudia uuzaji wa shamba akawa mke wa muuzaji. Sentensi itatoka safi, yenye sarufi isiyo na doa, na hapana mtu chumbani atakayeshtuka isipokuwa anayeijua lugha. Kosa la mkalimani dhaifu husikika, maana hugugumia, husita, hukuna kichwa. La mashine hupita limevaa suti.

Maneno ya imani yana hatari zaidi. Wakamba hutenganisha ũoi, ambao ni uchawi wa kudhuru, na ũwe, ambao ni uganga wa kutibu na kufichua. Kiingereza cha mahakama za kikoloni kiliviweka vyote viwili karibu karibu chini ya jina moja. Mwaka wa 1932, katika kesi mashuhuri ya Kumwaka mwana wa Mulumbi na wenzake 69, wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Hukumu hiyo ya kifo haikutekelezwa, lakini mjadala uliozuka baadaye, hadi Uingereza, ulikuwa kwa kiasi kikubwa mjadala wa maana: watu hawa walimaanisha nini waliposema walichokisema? Hali kadhalika kĩthitũ. Kulifasiri neno hilo kuwa "kiapo" tu ni sahihi kwa kamusi na ni upungufu mahakamani, kwa maana kĩthitũ ni kiapo kinachoaminiwa kuwaua waongo pamoja na jamaa zao. Shahidi asemapo kwamba mpinzani wake aliogopa kĩthitũ, anatoa tuhuma nzito. Mkalimani aliyelelewa Ukambani hulijua hilo, na humwomba hakimu nafasi ya kulieleza.

Hata Kiswahili chenyewe, lugha yenye maandishi tele, kina mitego yake kizimbani. Watoto waliodhulumiwa kingono nchini Kenya husema mara kwa mara kwamba mtu fulani "alinifanyia tabia mbaya". Mahakama ya Rufaa, katika hukumu ya mwaka wa 2017, ilikubali kwamba mahakama za nchi hii zimezoea kuipokea tafsida hiyo kutoka kwa mtoto mwenye aibu na woga. Tafsiri ya neno kwa neno humfanya mtoto aonekane kana kwamba analalamikia utovu wa adabu. Tafsiri ya kupita kiasi, inayomtilia mtoto kinywani maneno ya kitabibu ambayo hakuyatamka, humdhulumu mshtakiwa. Njia ya katikati ni kuyatoa maneno ya mtoto kama yalivyo na kumjulisha hakimu kwamba ni tafsida, ili hakimu mwenyewe aulize. Uamuzi wa kusimama na kusema "hapa pana neno" hauko ndani ya neno. Umo katika macho yanayomtazama mtoto.

Aidha, kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili na Kikamba hakibainishi mume wala mke. "Alimpiga" haisemi nani ni mwanamume na nani ni mwanamke, ilhali Kiingereza hakiruhusu ukimya huo. Binadamu asiyejua huuliza. Mashine hubahatisha, tena bila kusema kwamba imebahatisha. Madhara ya aina hii si ya kubuni. Mnamo 2023 iliripotiwa kutoka Marekani kwamba ombi la hifadhi la mkimbizi wa Afghanistan, msemaji wa Kipashto, liliingia dosari kwa kuwa programu ya tafsiri iligeuza "mimi" kuwa "sisi", hata maelezo yake ya maandishi yakawa hayalingani na yale aliyoyatoa kwa mdomo. Mwaka huo huo, jijini New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezizua. Zingatia ni nani aliyelipa faini. Ni mawakili. Programu iliendelea na kazi yake siku ile ile.

Hapo ndipo hoja ya kiapo inapoingia. Mkalimani wa mahakama nchini Kenya huapishwa. Kanuni ya Adhabu imeweka kosa mahususi kwa mkalimani aliyeapishwa ambaye kwa makusudi anasema mahakamani jambo analojua kuwa si kweli. Wakili anaweza kumsimamisha na kudai arudie. Mshtakiwa anayekijua Kiingereza kidogo anaweza kunong'ona kwamba sivyo alivyosema. Hakimu anaweza kumbadilisha. Jamaa waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma, ambao wote wanajua Kikamba, huguna anapokosea, na mguno huo, ingawa sheria haiutambui, umesahihisha tafsiri nyingi kuliko vitabu. Mashine hailishwi kiapo. Ikikosea, hapana wa kushtakiwa: mtengenezaji yuko ng'ambo, aliyeinunua atasema aliiamini, na hakimu atasema aliandika kilichoonekana kwenye skrini. Dhima itazunguka kama mpira wa makaratasi hadi mzee wa Masinga amalize kifungo chake.

Watetezi wa mashine watauliza, na swali lao si la kupuuzwa: je, binadamu hawa ni malaika? Makarani huchoka, hukosea, wengine hupendelea. Wapo wanaokijua Kikamba cha nyumbani na wasiokijua Kiingereza cha sheria, na kinyume chake. Hukumu kadhaa zimebatilishwa katika rufaa nchini Kenya kwa kuwa jalada halikuonyesha lugha iliyotumiwa kumfasiria mshtakiwa, na makosa hayo yalifanywa na watu. Huko Mavoko, ambako viwanda vimewakusanya watu wa kila pembe ya nchi na wa nchi za nje, mshtakiwa huweza kurudishwa rumande kwa sababu tu hapana aijuaye lugha yake siku hiyo. Kwa mtu kama huyo, mashine inayokosea yaonekana bora kuliko mkalimani asiyekuwepo.

Jibu ni kwamba upungufu wa wakalimani ni matokeo ya bajeti wala si ya maumbile. Serikali iliyoahidi katika Katiba kwamba mkalimani atapatikana bila malipo haiwezi kuitimiza ahadi hiyo kwa kumpa mwananchi kifaa kisichowajibika kisha idai imemlipia. Isitoshe, yafaa kutabiri ni mahakama ipi itakayopelekewa kifaa hicho kwanza. Haitakuwa ile ya Nairobi inayosikiliza madai ya mabenki, ambako kila upande huja na mtaalamu wake. Itakuwa ile ya mashambani, kwa maskini, kwa wasemaji wa lugha ambazo mashine inazijua kidogo kuliko zote. Mahali ambapo hatari ya kosa ni kubwa ndipo mashine itakapoaminiwa zaidi.

Si kwamba mashine haina kazi mahakamani. Inayo, tena ya haraka. Kwa miaka mingi mahakimu wa Kenya wameandika ushahidi kwa mkono, neno baada ya neno, shahidi akiambiwa asubiri kalamu ifike. Kazi hiyo ya kunakili mashine ikiitwaa, hapana atakayeililia. Vivyo hivyo kupanga tarehe, kutafuta majalada, kumwarifu mdai kwa rununu yake, kwa Kikamba, kwamba kesi imeahirishwa na asisumbuke kupanda matatu. Ikikosea hapo, nauli imepotea, uhuru haujapotea. Wapiga chapa walio nje ya mahakama, waliokwisha kuhama kutoka taipureta hadi tarakilishi, watapata hasara, na hasara hiyo isifichwe kwa maneno matamu. Lakini kazi yao si ya aina ambayo ikipotea haki hupotea nayo.

Lenye manufaa kuliko yote ni sauti. Mashine inaweza kuyahifadhi maneno ya Kikamba kama yalivyotamkwa, pumzi kwa pumzi, ili siku ya rufaa mkalimani wa pili, naye ameapishwa, ayasikilize na kuyalinganisha na Kiingereza kilichoandikwa. Kwa mara ya kwanza tangu mahakama ya kigeni ifunguliwe Machakos, maneno ya mshtakiwa mwenyewe yangekuwa sehemu ya jalada. Mkalimani mwaminifu angelindwa dhidi ya shutuma za uongo, na mzembe angejulikana. Akili unde iliyofunzwa Kikamba ingeweza hata kuonyesha mahali ambapo tafsiri mbili hazipatani, mradi uamuzi wa ipi ni sahihi uachiwe mtu mwenye jina na sahihi.

Yote hayo yanahitaji kwamba mkalimani awepo kwanza, na kwa sasa kisheria yupo, kiajira hayupo. Vyuo vikuu vya Kenya vinafundisha nadharia za tafsiri na ukalimani. Machakos yenyewe ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka wa 2016, mwendo mfupi tu kutoka mahakamani. Lakini mhitimu anayetaka kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu bado huiomba kazi hiyo kwa jina la ukarani. Kazi isiyo na jina lake, mtihani wake wala ngazi zake za mshahara ni rahisi mno kukabidhiwa mashine, kwa sababu siku inapoondoka hapana mstari wa bajeti unaofutwa na hapana chama kinachopiga kelele. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka huandaa makongamano juu ya hatima ya lugha, vinaweza kuanza na dai dogo kwa Tume ya Huduma za Mahakama: cheo cha mkalimani kitangazwe peke yake, na anayekiomba Machakos atahiniwe kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa mdomo, mbele ya watu wanaozijua lugha zote tatu.